Goti la Mama na Miwani ya Daktari

Chennai, India
Jumapili, baada ya Misa

Baba yangu mpendwa,

Nadai jambo moja, na nitalitetea hadi mwisho wa barua hii: daktari aliyekosea mara nyingi juu ya mfupa wa plastiki, huku miwani aliyovaa ikimwonyesha kosa lake, ndiye anayestahili kukabidhiwa goti la Mama. Wewe umesema kinyume, tena umesema mbele za watu. Ndiyo maana sikukupigia simu. Kwenye simu hushinda mwenye sauti kubwa, na kati yetu wawili sauti kubwa ni yako.

Baada ya kusema hayo, shikamoo Baba. Najua umeona kwamba sikutanguliza salamu, na huenda umeiweka barua chini ukaichukua tena. Naomba ulihesabu jambo hilo kuwa wasiwasi wangu, si kiburi. Kifua chako kinaendeleaje sasa ukungu umeanza kushuka hadi kwenye kihamba, shambani kwetu hapo nyumbani? Migomba iliyoinamishwa na upepo mmeshaiwekea miti? Yule ng'ombe mweusi amezaa, au bado anawatania? Felista aliniambia kwamba kahawa ya upande wa mfereji imechanua vizuri. Nilifurahi kama vile nilikuwa na mpango wa kuja kuichuma.

Mimi ni mzima. Kinachonitesa ni joto. Hapa mtu huoga akatoka bafuni akiwa tayari amelowa jasho. Chakula ni kingi na watu ni wakarimu, ila kinanichanganya. Siku ya kwanza niliwekewa jani bichi la mgomba mezani, nami kwa akili zangu za kwetu Kirua Vunjo nikasubiri nyama ya mbuzi. Wakamimina wali na dengu! Kahawa wanainywa asubuhi na jioni, imechanganywa na maziwa, kwenye vikombe vidogo vya chuma. Nilipomwambia mwenzangu wa chumba kwamba sisi tunalima kahawa tangu enzi za babu lakini tunakunywa chai, aliniuliza kama ni adhabu tuliyopewa. Nilianza kumjibu kwa historia ndefu ya mashamba, bei na vyama vya ushirika. Alilala kabla sijafika katikati.

Nirudi kwenye goti. Felista amenisimulia yaliyotokea Alhamisi jumuiya ilipokutana kwa Mzee Kanuti. Sala zilipokwisha, mwenyekiti aliuliza kama yupo mwenye nia ya kuombewa. Mama aliinuka kwa kushika ukuta, akasema ameitwa hospitalini mjini kubadilishwa goti, na kwamba daktari wake alipata mafunzo huku ninakofanya kazi. Akaomba wamkumbuke. Hakuomba zaidi ya hapo. Ndipo wewe ukadakia:

“Mwombeeni kwelikweli, maana huyo daktari amefundishwa na mwanangu. Na hawa hawajifunzi kwa mgonjwa. Wanavaa miwani, wanakata hewa!”

“Hewa, Mbe?” akauliza Mzee Kanuti, akikuita kwa neno letu la heshima.

“Hewa! Wanapapasa kama mtu anayetafuta kiberiti umeme ukikatika.”

Watu walicheka. Felista anasema Mzee Kanuti alicheka hadi rozari ikamdondoka. Mama aliketi. Kesho yake alimwagiza Felista ampigie daktari simu, amwambie nafasi yake apewe mgonjwa mwingine. Dada yangu, Mungu ambariki, bado hajapiga, anasingizia mtandao. Lakini mtandao hausingiziwi milele, na nafasi hiyo ikienda haijulikani itarudi lini. Wapo wengi wanaoisubiri.

Nilimpigia Mama.

“Mama, goti ni lako au ni la Baba?”

“Ni langu, mwanangu. Hata maumivu ni yangu.”

“Basi nenda.”

“Niende vipi? Baba yako amesema mbele za watu. Nikishuka mjini watasema nimemkaidi. Na kikinipata chochote watasema, si aliwaambia?”

“Na Baba akikuruhusu mkiwa wawili tu?”

“Ameshaniruhusu,” akasema. “Juzi jikoni. Amesema, ‘Ukitaka, nenda.’ Lakini wale waliocheka hawakuwepo jikoni.”

Kisha Mama akabadilisha mazungumzo kama kawaida yake.

“Huyo daktari ni mtoto wa nani?”

“Ni wa kule kijiji cha Mamba, Mama.”

“Mamba kwa nani?”

“Sikumuuliza.”

“Umekaa naye muda wote huo hujui ni wa ukoo gani? Hiyo miwani yenu haionyeshi?”

Alicheka, nami nikacheka. Kisha nikamsikia akihama kutoka kiti kimoja kwenda kingine, na ile pumzi anayoivuta kwa meno kila anapokanyaga kwa mguu wa kulia. Baba, wewe unaisikia pumzi hiyo kila siku. Labda umeizoea. Mimi huku, kwa kuisikia mara moja, nilishindwa kula.

Naomba nikueleze kazi yenyewe, kwa kuwa umeihukumu bila kuiona. Goti linapochakaa, ile gegedu laini inayotenganisha mifupa huisha, mfupa ukawa unasaga mfupa. Daktari hufungua goti, hukata kipande chembamba kwenye ncha ya mfupa wa paja na kwenye ncha ya mfupa wa ugoko, kisha huzivalisha ncha hizo chuma na kuweka plastiki ngumu katikati. Ugumu wote uko kwenye namna ya kukata. Msumeno ukienda upande kidogo tu, goti jipya litabeba uzito upande mmoja, kama mlango wenye bawaba iliyopinda, na halitachukua miaka mingi kabla ya kulegea.

Hapa mwanafunzi husimama mbele ya meza. Mezani pana mguu wa plastiki uliobanwa kwa vibano, na mkononi ana msumeno halisi, unaonguruma na kurusha unga. Hakati hewa. Miwani haimzibi macho. Anaiona meza, anaiona mikono yake, anauona mfupa. Kinachoongezeka ni mstari wa kijani unaoelea juu ya mfupa, ukimwonyesha pa kupitisha msumeno. Akipotoka, mstari unageuka mwekundu. Mimi si daktari, na sijawahi kudai kuwa daktari ingawa katekista wetu hunitangaza hivyo. Mimi ni mhandisi wa vifaa tiba. Kazi yangu ni kuhakikisha mstari umekaa mahali pake, na kusimama karibu na mwanafunzi kutazama anavyokosea.

Daktari Elinami, atakayempasua Mama, nilimtazama akikosea kwa karibu sana. Alikuja hapa akiwa ameshapasua wagonjwa wa aina nyingine, lakini kwenye kubadilisha goti alikuwa msaidizi tu. Siku moja kibano kililegea. Mguu wa plastiki ulisogea kidogo pasipo yeyote kutambua, na mstari ukabaki ukielea pale pale ulipokuwa. Elinami aliufuata. Alikata kwa mkono ulionyooka, bila kutetereka, mahali pasipo pake.

“Mstari ulikuwa wa kijani,” akasema, akikitazama kipande kilichoanguka.

“Ulikuwa wa kijani,” nikamjibu. “Mfupa uliugusa?”

Alivua miwani, akaiweka mezani.

“Sikuugusa. Niliamini mchoro nikaacha kidole changu.”

“Angekuwa mgonjwa?”

“Usinimalizie, Aloyce. Nimeshamwona huyo mgonjwa kichwani.”

Nakusimulia habari hii nikijua utaishika kama fimbo. Utasema, si nilisema? Ishike. Lakini kwanza unijibu: ulitaka kosa lile lifanyike wapi? Lilifanyika juu ya plastiki. Tuliufagia unga, tukafunga mguu mwingine. Tangu siku ile Elinami hawashi msumeno kabla ya kuupapasa mfupa kwa kidole gumba, pande zote, macho akiwa ameyafumba. Wewe uliwachekesha watu kwa neno hilo la kupapasa. Mimi nasema kupapasa kule ndiko kulikonifanya nimwamini.

Tena kuna jambo ambalo hukuliuliza, na Mzee Kanuti hakuliuliza. Siku ya kumpasua Mama, miwani haitakuwepo. Hospitali ile haina. Hata hapa, kadiri mwanafunzi anavyoendelea ndivyo tunavyomzimia: kwanza tunauondoa mstari, tunamwachia ile rangi nyekundu inayotokea tu anapopotoka, kisha tunaondoa hata hiyo, akabaki na macho yake na gumba lake. Elinami alikata mifupa yake ya mwisho hapa bila miwani yoyote, nasi tukapima, ikawa sawa. Huko mjini atasimama na daktari mkuu aliyemlea, wakitazamana juu ya goti moja.

Sasa niruhusu nikulete kwenye kihamba chetu. Kila Krismasi, ukoo unaporudi kutoka Dar, Arusha na kwingineko, ni wewe unayempasua mbuzi. Hukuchaguliwa kwa sababu ya umri, kwa maana wapo wakubwa kuliko wewe. Ulichaguliwa kwa sababu unaachanisha viungo kwa kisu kitupu, bila shoka, bila kuvunja mfupa. Kwetu kila kipande kina mwenyewe: kuna cha mkubwa wa ukoo, kuna cha mjomba, kuna cha shangazi, na kipande kilichopondwapondwa hakipelekwi kwa mwenyewe bila maneno.

Uliponifundisha kazi hiyo, ulifanya nini? Mbuzi alikuwa amelazwa juu ya majani ya mgomba, ameshachunwa. Ulichovya kidole kwenye damu ukachora mstari juu ya nyama, pale paja linapokutana na nyonga. Ukasema, “Kata hapa. Kisu kikigonga, umepotea.” Krismasi iliyofuata ulichora mahali pagumu tu. Iliyofuata hukuchora kabisa. Ulikaa kwenye kigoda na kata yako ya pombe ya mbege, ukawa unazungumza na baba wadogo kana kwamba hunitazami, na kila kisu changu kilipoanza kwenda upande, ulikohoa. Nami nilisimama. Hadi leo nikimsikia mtu akikohoa nyuma yangu, mkono wangu unasita.

Basi niambie, Baba. Ule mstari wa damu ulikuwa nini? Na kile kikohozi kilikuwa nini, kama si ile rangi nyekundu? Mbona hakuna aliyecheka kwamba unamfundisha mwanao kukata hewa? Nilipokuja huku nikavishwa miwani kwa mara ya kwanza, wenzangu walishangaa kwamba sikushangaa. Niliwaambia kwamba nilishaivaa nyumbani. Walidhani natania.

Nalijua jibu lako: mbuzi amekufa, mama yako yu hai. Ni kweli, na hapo ndipo hoja yangu ilipo. Hukunipa kisu nijifunzie kwa kiumbe kinachosikia maumivu. Ulinipa kisichosikia, ukanichorea, ukanikoholea, hadi mkono ukajua. Ni hayo hayo tuliyomfanyia Elinami.

Siwezi kudai kwamba plastiki inafundisha kila kitu, kwa maana ningekuwa mwongo. Plastiki haitoi damu. Haina kisukari wala moyo unaochoka. Haina nyumba kwenye mteremko. Hili la mwisho ndilo lililonipa hofu kuliko yote. Mgonjwa wa kubuni aliyemo ndani ya mashine zetu hutembea kwenye sakafu, hupanda ngazi, huketi kitini, basi. Nilimwomba Felista ampige Mama video akishuka kihambani. Akampiga video siku Mama anarudi na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani: anashuka kiubavu, mguu wa kulia ukitangulia, mkono ukiushika mgomba mmoja baada ya mwingine kama mtu anayesalimiana na waombolezaji. Niliwaonyesha wenzangu. Mwalimu wetu mkuu, mzee wa hapa Chennai aliyebadilisha magoti ya watu wengi, alisogea karibu na kioo.

“Hii njia inaelekea wapi?” akauliza.

“Jikoni,” nikamwambia. “Hapo ni nyumbani kwetu.”

Akaagiza tutengeneze ubao wa mteremko, na tangu hapo kila goti tunalolimaliza hujaribiwa juu ya ubao huo. Elinami naye aliitazama video mara nyingi kuliko mimi. Mwishowe alisema, “Nitamsimamisha, atatembea. Lakini majani kichwani hatashusha tena. Hilo waambieni mapema, wasije wakanilaumu.” Nami nakwambia mapema. Majani itabidi yaletwe na mtu mwingine, au ng'ombe apungue mmoja. Nimelipima jambo hilo sana, kwa kuwa najua Mama bila ng'ombe wake atanuna zaidi ya Mama mwenye goti bovu.

Baba, sidhani kama unaiogopa miwani. Nadhani unamwaza Shangazi. Wewe ndiye uliyemsindikiza alipokwenda kupasuliwa nyonga, mimi nikiwa bado shuleni, na ni wewe uliyemrudisha na mguu ambao haukukunjika tena. Sijui kama kuna aliyekosea. Huenda hakukosea yeyote. Najua tu kwamba hadi leo unapita kwake kila jioni kumsogezea kiti, na hukai kuzungumza. Mtu aliyebeba hilo akiambiwa kwamba mkewe naye anapelekwa, akafanya mzaha mbele za watu, sitamwita mpumbavu. Nitasema anaogopa na hana pa kuiweka hofu yake.

Hata mimi ninaogopa. Nimeona mstari wa kijani ukidanganya. Nikikosea mimi, hutanilaumu kwa maneno. Utanisogezea kiti na hutakaa. Hata hivyo, baada ya kuiweka hofu yangu yote upande mmoja, na upande wa pili mwaka mwingine wa Mama akishuka ule mteremko mguu ukimsaliti, nachagua upasuaji. Nimechagua kwa hoja, na ninataka hoja.

Felista, kwa upole wake, alishauri akuletee jani la sale kwa niaba yangu, yaishe. Nimemkatalia. Jani la sale huletwa na mtu anayeomba msamaha, na anayeletewa hana njia ya kukataa. Sitaki kukufunga kwa jani. Likitokea baya, Mungu apishe mbali, nitarudi nikiwa nimelishika mwenyewe, nipige magoti mlangoni kwa Mama na kwako. Kwa sasa sina la kuombea msamaha.

Nisalimie Bibi, umwambie kwa Kichagga shimboni, na kwamba mtori wa ndizi wa kopo niliouona dukani huku haukuwa mtori. Nisalimie Shangazi, safari hii kaa kidogo. Mjomba aliyeko Himo mwambie nimeuona ujumbe wake, na kwamba siwezi kumtumia miwani hiyo ya kutazamia mpira. Mpe pole katekista kwa maumivu ya jino. Mzee Kanuti naye msalimie kwa heshima zote, umwambie aishike vizuri rozari yake Alhamisi. Mama sitamtumia salamu kwa barua. Nampigia mwenyewe.

Barua hii naituma kwenye simu ya Felista aichape shuleni kwake, kwa kuwa posta haitafika kwa wakati. Ameahidi kukupa mkononi.

Alhamisi zamu ya jumuiya ni ya kwetu. Watakuja wale wale. Nadai unijibu hapo, kwa sauti ile ile uliyoitumia kwa Mzee Kanuti, Mama akiwa ameketi mbele yako. Kama hoja yangu ni mbovu, ibomoe wakisikia, kisha umweleze Mama, ukimtazama, atashukaje kihambani masika yakianza. Kama ni nzima, lirudie neno ulilolisema jikoni. Felista ataweka simu mezani, karibu na mshumaa, nami nitakuwa nikisikiliza. Na safari hii, Baba, usikohoe. Sema.

Mwanao anayekuheshimu na kukubishia,

Aloyce